Januari Nne za Dada Yangu

Januari iliyopita nilimpeleka mtoto wa mwisho wa dada yangu kuandikishwa gredi ya kwanza hapa Kitengela. Dada yangu anaishi Bisil, na mtoto huyo anakaa nami kwa sababu ya shule. Karani alikuwa kijana mpole aliyekaa nyuma ya kompyuta. Aliomba cheti cha kuzaliwa, akaomba kadi ya chanjo, kisha akauliza kama mtoto ana ulemavu wowote ambao shule ingepaswa kujiandaa kwa ajili yake. Aliuliza kama mtu anavyouliza nambari ya simu. Nikajibu kwamba hana. Akabonyeza hapa na pale, akanipa karatasi, akatuambia karibuni. Dakika kumi hazikuisha.

Nje ya ofisi nilisimama kando ya ukuta huku mtoto akinivuta sketi, anataka twende. Sikuweza kuondoka mara moja. Nilihisi kwamba jambo moja limesahauliwa, na nilichukua muda kutambua ni jambo gani. Nilikuwa bado nangoja mtu amwambie ainue mkono.

Kama ulianza shule miaka ileile niliyoanza mimi, rafiki yangu, huhitaji kuelezwa. Wengi wetu tulizaliwa nyumbani, na vyeti vilikuwa vya watu wachache. Kwa hiyo, siku ya kuandikisha, mtoto alisimama mbele ya mwalimu, akainua mkono wa kulia, akaupitisha juu ya utosi na kujaribu kushika sikio la kushoto. Akilifikia, ametimiza miaka, aingie. Asipolifikia, arudi mwaka ujao. Wazazi na walimu waliamini kwamba kipimo hicho hakikosei. Mimi nimewapima watoto wangu wote watatu kwa udadisi tu. Wa kwanza alilifikia sikio kabla hajatimiza miaka sita, wa pili alikawia karibu hadi minane, na huyo wa pili ndiye mrefu kuliko wenzake leo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya tisini hakuna aliyebishana na sikio.

Dada yangu alizaliwa na mkono wa kulia unaoishia chini kidogo ya kiwiko.

Kitengela ya wakati ule ungeipita ukiwa safarini bila kujua kwamba umeipita. Kulikuwa na maduka machache kando ya barabara ya Namanga, mashine ya kusaga, kanisa la mabati, kisha nyasi hadi macho yachoke. Asubuhi nyingine tuliamka tukakuta nyumbu wamesimama nyuma ya choo, wametulia kama wageni wanaongoja kukaribishwa. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulishika viatu ukakataa kuviachia, nasi tulivivua tukatembea peku, viatu mkononi. Kiangazi udongo huohuo ulipasuka nyufa ambazo mtoto angeweza kutumbukiza mguu. Upepo haukuwa na mahali pa kuzuiliwa. Ulikuja na harufu ya mifugo, na siku nyingine na vumbi la saruji kutoka Athi River, na usiku mabati yetu yaligonga hadi tukayazoea kama mtu anavyozoea mkoromo wa mzazi.

Tulikuwa tumetoka Ukambani. Baba alifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha saruji, akarudi na kope nyeupe. Mama alifanya kazi ya nyumba Nairobi, tukamwona mwisho wa mwezi. Aliyetulea siku kwa siku ni nyanya, mama yake baba. Alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yanayochemshwa na maharagwe, akayaacha motoni tangu saa nne, na harufu yake ndiyo iliyokuwa saa yetu. Alikuwa na maneno machache na aliyarudia. Mojawapo lilikuwa kwamba mtoto hahesabiwi kwa alichokosa, huhesabiwa kwa anachobeba.

Alilisema kwa maana ya kawaida kabisa. Kwetu Wakamba maji hubebwa mgongoni, kwa mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, na mikono haina kazi kubwa. Dada yangu alibeba mtungi wa lita ishirini kutoka bombani bila kupumzika njiani. Mimi, mwenye mikono miwili, nilipumzika mara tatu na kulalamika mara sita. Aliosha vyombo kwa kubana sufuria kwenye paja kwa kile kigutu chake. Alifunga kamba za viatu vyake na vyangu. Mtu aliyeishi nyumbani kwetu angeweza kukaa wiki nzima asikumbuke kwamba kuna kitu kimepungua.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Jirani yetu katika ploti ya vyumba vya kupanga, mama mwenye mashine ya kushona, alikuwa mkarimu na alitupa vitambaa vya kutengenezea wanasesere. Lakini alipokuwa mjamzito alianza kutema mate kifuani mwake, ndani ya ukosi wa gauni, kila dada yangu alipopita. Alitema kidogo tu, bila sauti, kama mtu anayepuliza vumbi. Ilikuwa kinga, ili alichonacho dada kisimfuate mtoto tumboni. Kisha angesema kwa huruma ya kweli kwamba hujafa hujaumbika, na kumuuliza dada kama amekula. Dada yangu aliijua maana ya mate yale tangu akiwa na miaka mitano. Alianza kuzunguka nyuma ya ploti, njia ndefu, ili asimsumbue.

Januari ya kwanza dada alikuwa na miaka saba. Nyanya alimpaka mafuta hadi magoti yakang'aa, akamvika gauni la kanisani, na mimi nikafuata kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniachia. Shule ilikuwa vyumba vinne na mti mmoja wa mgunga uliotoboa viatu vya watu wote. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mzee wa sweta ya kijivu. Nataka nimtendee haki: hakuwa mkatili. Nilimwona baadaye, mara nyingi, akimpa mtoto mwenye njaa kikombe chake mwenyewe cha uji. Alimwambia dada yangu ainue mkono wa kulia. Dada akauinua. Kigutu kilifika usawa wa jicho, kikaishia hapo.

Mwalimu alitazama daftari lake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, “Huyu bado mdogo.”

Nyanya akamweleza kwamba mtoto alizaliwa mwaka wa mahindi ya manjano, ule mwaka wa njaa ambao serikali iligawa mahindi ya rangi ile, na hakuna mtu mzima ambaye angeusahau mwaka huo. Wanaojua kuhesabu wangehesabu. Mwalimu alisikiliza kwa heshima, akamwita nyanya “mama”, akasema yeye anaangalia sikio.

Januari ya pili ilikuwa vivyo hivyo, isipokuwa safari hiyo gauni lilikuwa limefupika.

Januari ya tatu tulikwenda wawili. Mimi nilikuwa nakaribia saba, na nilikuwa nimefanya mazoezi ya sikio wiki nzima mbele ya kioo cha baba cha kunyolea. Nililifikia. Mwalimu akaandika jina langu. Nyuma yangu dada, aliyenipita kwa kichwa kizima, alikuwa amefikiria jambo. Hakungoja kuambiwa. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaupitisha juu ya utosi, akalishika sikio la kulia na kulivuta.

“Ule mwingine,” mwalimu alisema.

“Ule mwingine haufiki mahali, mwalimu.”

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema polepole, kama mtu anayeeleza jambo ambalo hakulitunga yeye, kwamba mkono wa kushoto haupimi, na tena hauandiki. Hilo la pili lilikuwa kweli katika shule yetu. Mtoto aliyeshika kalamu kwa kushoto alipigwa rula juu ya vidole hadi abadilishe. Mkono wa kushoto ulikuwa wa mambo ya choo. Hukupokea nao kitu kwa mkubwa, hukuamkia nao mtu. Basi dada yangu alirudi nyumbani, na jioni hiyo nyanya alinikalisha chini, akaniambia kwamba kuanzia kesho, chochote mwalimu atakachoniwekea kichwani, nikirudi nikigawe nusu.

Nikakigawa. Mwaka ule wote, kabla giza halijaingia, tulikaa mlangoni na kipande cha bati kilichopakwa masizi. Tulikiandikia kwa vipande vya chokaa ambavyo baba alituletea. Mwanzoni nilifurahia kuwa mwalimu, nikamkaripia kama nilivyokaripiwa. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa ameanza kunisahihisha. Kufikia mwisho wake nilikuwa nampelekea hesabu zangu za nyumbani azifanye, huku mimi nikimenya vitunguu vyake. Sikuona haya yoyote. Nilidhani ndivyo vitu vinavyogawanywa.

Nyuma ya ploti yetu kulikuwa na boma la Wamasai, na nyanya wa boma hilo alituletea maziwa asubuhi katika kibuyu kilichofukizwa kwa moshi, ule moshi unaobaki kooni baada ya maziwa kwisha. Watoto wote wa upande ule walimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai, nasi tukamwita hivyo pia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Asubuhi moja, Januari ya nne ilipokaribia, nyanya alimweleza kwa ishara na maneno kwamba mtoto huyu anakwenda tena kupimwa. Koko alimvuta dada karibu, akainamisha kichwa chake na kumtemea mate utosini.

Dada yangu alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia hivyo, maana hata kwa mama wa mashine ya kushona hakulia hata siku moja. Alijitoa mikononi mwa Koko akakimbilia ndani, na Koko akabaki amesimama na kibuyu chake, haelewi amekosea nini. Baba, aliyekuwa akijitayarisha kwenda zamu, ndiye aliyeingia kumweleza. Alimwambia kwamba kwetu mtu hujitemea mwenyewe ili kukukimbia, lakini kwa Wamasai mzee humtemea mtoto ili kumbariki, na kwamba mate yale hayatolewi kwa kila mtu. Dada alitoka amejifuta macho, akaenda kusimama tena mbele ya Koko na kuinamisha kichwa. Sikumbuki kama Koko alirudia. Nakumbuka tu kwamba asubuhi ile dada hakukubali kupakwa mafuta ya nywele.

Januari ya nne alikuwepo mwalimu mgeni, mwanamke mwembamba wa miwani aliyekuja kutoka upande wa Loitokitok. Alikuwa amepewa darasa la kwanza, na yule mzee wa sweta alikaa kando yake kumwonyesha kazi. Mimi nilikuwa darasa la pili sasa, lakini tulikuwa tumetolewa nje kuokota mawe uwanjani, nikaona yote. Dada alikuwa na miaka kumi. Kwenye foleni alisimama kama mama mdogo aliyeleta watoto.

Mwalimu mgeni alimtazama, akautazama mkono, akamgeukia mwenzake.

“Mwalimu, hii kipimo ni ya mkono ama ni ya miaka?”

“Ni ya miaka.”

“Basi leo tutumie wa kushoto. Wote.”

Kukawa na minong'ono. Mzazi mmoja aliuliza kwa nini mtoto wake afundishwe tabia mbaya siku ya kwanza. Mwalimu mgeni alimjibu kwa upole kwamba sikio ni sikio, na hakuna mtoto atakayepungukiwa na chochote. Kisha aliwaonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Foleni nzima, watoto thelathini na kitu, waliinua mikono ya kushoto na kuhangaika nayo juu ya vichwa, wengine wakicheka, wengine wakishika pua. Dada yangu alilishika sikio la kulia na kungoja. Aliandikwa katikati, kwa zamu yake, si wa kwanza wala wa mwisho. Njiani nyanya alifungua leso akaifunga upya, akatembea kidogo, akaifungua tena.

Katika darasa, mwalimu yule alimkalisha dada mwisho wa benchi, upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigombane na cha jirani. Ilikuwa hivyo tu. Mzee wa sweta alipita dirishani siku kadhaa kuangalia mwandiko, kwa sababu alikuwa amebashiri utakuwa kama wa kuku anayechakura. Baadaye aliacha kupita.

Sasa nimefika mahali ambapo ningependa hadithi iishie. Ningekuwa nimekueleza kuhusu kanuni mbovu na mwalimu aliyeitengua asubuhi moja, nawe ungeondoka umefurahi. Lakini haikuishia hapo, na iliyobaki inanihusu mimi.

Nilikuwa na mwaka mmoja shuleni kabla yake. Katika mwaka huo nilikuwa nimepata marafiki, wasichana wa upande wa maduka, ambao tulicheza nao kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa soksi na karatasi. Mbele yao nilikuwa mtoto kama watoto wengine, asiye na habari ya kusimuliwa. Wiki ya kwanza ya dada, wakati wa uji, mmoja wao, binti wa mwenye duka la misumari na mabati, aliniuliza.

“Huyo wa mkono ni dada yako?”

“Hapana. Ni wa jirani. Anakaa tu kwetu.”

Dada alikuwa hatua tatu kutoka pale, na kikombe cha uji mkononi. Alinitazama. Alimaliza uji wake taratibu, akaenda kuosha kikombe.

Jioni tulikwenda kuchota maji pamoja kama kawaida. Nilingoja amwambie nyanya. Hakumwambia. Asubuhi iliyofuata tulitoka nyumbani pamoja, tukazungumza njiani, hadi tulipofika kwenye kona ambapo paa la shule linaanza kuonekana. Hapo alipunguza mwendo, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akaniacha nitangulie. Alifanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na mwaka mzima. Shuleni hakuniita kwa jina. Jioni, nyumbani, alinisaidia hesabu.

Mara nyingi niliamua kwamba kesho nitamngoja pale kwenye kona. Nilijua hata maneno nitakayosema. Nilifika pale nikasikia sauti za wenzangu uwanjani, na miguu yangu ikaongeza mwendo.

Siku ya kufunga mwaka, wazazi walikuja wakaketi kwenye nyasi, na chifu alikuwa mgeni wa heshima. Matokeo yalisomwa darasa baada ya darasa. Desturi ilikuwa kwamba mtoto wa kwanza katika kila darasa huenda mbele kupokea zawadi kutoka mkononi mwa chifu: bakuli la plastiki, madaftari mawili na penseli. Kwa darasa la kwanza lilisomwa jina la dada yangu. Alikuwa amewaacha wenzake mbali, na hakuna aliyejua kwa nini isipokuwa mimi na lile bati la masizi.

Alisimama akaanza kwenda mbele. Nikaona mwalimu mkuu akibadilika uso, na sasa kwa kuwa mimi ni mtu mzima najua alichokuwa akifikiri. Mtoto angepokea kwa mkono wa kushoto, kutoka kwa chifu, mbele ya wazazi wote. Ingeonekana dharau. Akataka kuokoa mambo. Akatangaza kwamba mzazi wa mtoto huyu asimame, aje ampokelee.

Baba alikuwa zamu. Mama alikuwa Nairobi. Nyanya alikuwa amekwenda Ukambani kupalilia, kwa kuwa mvua ilikuwa imeshika. Mwalimu mkuu alitazama kundi la wazazi, akaona hakuna anayesimama. Akasema, “Basi hata ndugu. Kuna ndugu yake hapa?”

Dada alikuwa amefika mbele. Hakunitafuta kwa macho. Angeweza, maana alijua nilipoketi, lakini aliangalia miguu yake tu. Nilikuwa kati ya wasichana wangu. Binti wa duka la mabati alikuwa bega kwa bega nami, na nilihisi pumzi yake. Ilikuwa kama nusu dakika. Nusu dakika ni ndefu, rafiki yangu. Nakuomba uhesabu polepole hadi thelathini, utaona ni mambo mangapi mtu anaweza kuamua ndani yake. Mimi sikusimama.

Aliyesimama ni Koko. Alikuwa ameketi nyuma, kwa sababu ya wajukuu wake, miguu ameinyoosha kama akina mama wa kwao wanavyoketi. Aliinuka polepole, shanga zikilia, akapita katikati ya watu hadi mbele. Chifu, aliyekuwa Mmasai pia, alimwamkia kwa heshima, akamnyooshea yeye lile bakuli.

“Hii mtoto ni yetu,” Koko alisema, kwa Kiswahili, ili wote wasikie. “Lakini mpatie yeye. Iko na mkono.”

Chifu alisita kidogo tu. Kisha akainama, akampa dada yangu bakuli, na dada akalipokea kwa kushoto, akiliegemeza kwa chini na kigutu, hivyo kwamba ilikuwa kama mikono miwili. Mwalimu wa miwani alianza kupiga makofi, na nyasi nzima ikafuata. Nami nilipiga. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko kutosimama. Nilipiga makofi kama mgeni.

Dada yangu alimaliza darasa la nane akiwa na miaka kumi na saba, mwanamke mzima kati ya watoto, kwa sababu ya zile Januari tatu ambazo hakuna aliyemrudishia. Karo ya sekondari haikupatikana, kwangu wala kwake. Mimi niliingia kiwanda cha nguo Athi River. Yeye aliolewa Bisil, akafungua duka la nafaka karibu na soko la mifugo. Elimu ya bure ilikuwa imekuja, na nilisikia kwa watu wengine, si kwake, kwamba siku asizokuwa na wateja anazunguka kwenye maboma kuwaambia akina mama watoe watoto wenye ulemavu waliowaficha ndani, na mama akisita, dada humwonyesha mkono wake na daftari lake la duka.

Miaka michache baadaye nilimtembelea. Ilikuwa siku ya soko, ng'ombe wanalia nje, na dukani kulikuwa na vumbi zuri la maharagwe. Alikuwa akipima mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, analikung'uta ubavuni kwa kigutu ili nafaka ijipange. Wateja walipopungua nilimwambia. Nilianza na siku ya bakuli, nikarudi nyuma hadi kwenye uji. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka Kitengela, na bado niliyasema yote yakiwa yamepindukapinduka.

Aliendelea kupima hadi nikamaliza.

“Nilikuwa najua,” akasema. “Niliona vile wale wasichana walikuwa wanakuangalia. Ungeniuliza siku ile, ningekwambia usisimame, watakusumbua bure.”

Nikasema nashukuru.

“Ngoja. Sijamaliza. Ningekwambia usisimame. Lakini wewe ungesimama.”

Kisha mteja akaingia, Msomali mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, wakaanza kubishana kuhusu bei ya ndengu kama watu wanaopendana, na mimi nikakaa kwenye gunia hadi jioni.

Kitengela ile haipo tena. Uwanda umekatwa viwanja, viwanja vikajengwa ghorofa, na watoto wangu hawaamini nikiwaambia kuhusu nyumbu. Koko alifariki, na boma lake limekuwa kituo cha mafuta. Nyanya tulimrudisha Ukambani, akalala huko. Kile kipimo nacho kimekwenda, na sikililii. Sheria sasa zinasema mambo mema, na ninapowasikia watu wakilalamika kwamba hazifuatwi, nakubaliana nao, nikiongeza moyoni kwamba kanuni ya shule yetu ilivunjwa asubuhi moja na mwanamke mmoja, lakini bado nilikuwa nimebaki mimi, niliyemkana dada yangu.

Kama mtu angekuja leo akaniambia nichague kimoja katika vyote vilivyopotea, nirudishiwe, singeomba uwanda, wala maziwa yale ya moshi, wala hata nyanya, Mungu anisamehe. Ningeomba ile nusu dakika. Ningekuwa nimeketi palepale, kati ya walewale, na mwalimu mkuu akiuliza kama kuna ndugu.